Watani Walivyomzika Mfu wa Sinema

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeona lori likishuka mlima wa Kitonga bila breki huku dereva akiimba. Nimeona mchimbaji wa Makongolosi akimeza punje ya dhahabu mbele ya msimamizi wake, kisha akamwamkia vizuri tu na kwenda zake. Shule niliiacha darasa la pili, na wale waliobaki darasani mpaka wakamaliza leo wananipigia hodi kuomba kazi. Nasema haya mapema ili msomaji ajue anasikia habari kutoka kwa mtu wa namna gani, asije akanionea huruma mahali pasipohitaji huruma.

Miaka ya hamsini, mtu mweusi mwenye sinema yake toka Mbeya mpaka Iringa nilikuwa mimi. Kama alikuwepo mwingine, ajitokeze. Mashine niliinunua kwa mkulima mmoja Mgiriki wa tumbaku aliyekuwa anahama, pamoja na jenereta lake lililokohoa kama mzee mwenye pumu. Hakuna aliyenifundisha. Niliifungua yote, nikaipanga juu ya mkeka, nikaifunga tena, ikawaka. Mbeya nilionyesha kwenye ghala la mahindi, madirisha nimeyaziba kwa magunia. Iringa nilipanga ukumbi wa mzee mmoja wa Kihehe, mtu wa maneno machache, aliyekuwa anakuja na kiti chake mwenyewe na kukaa mbele kabisa.

Filamu nilikodi kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam. Nilimwambia anipe za kutisha, maana watu wa nyanda za juu huwezi kuwatoa kwenye moto wao wakati wa baridi kwa filamu ya watu wanaobusiana. Akanipa za yule Mfu. Mfu mmoja, filamu nyingi. Mweupe kama aliyepakwa chokaa, koti refu, kovu shavuni, anatoka kaburini na kuwasumbua watu wa kijiji chake. Kila filamu mwisho anakufa. Kila filamu inayofuata yupo.

Nataka niseme jambo kuhusu watu waliotengeneza filamu zile, popote walipo. Walikuwa wavivu, na walikuwa na dharau. Katika ya kwanza Mfu anachechemea mguu wa kulia, katika ya pili wa kushoto. Binti wa daktari alikuwa na nywele nyeusi, mara nyekundu, mara ni mtu mwingine kabisa na wote wanamwita jina lile lile. Kijiji kilikuwa milimani, kikahamia pwani. Walidhani mtu akishatoka ukumbini amesahau. Hawakuwajua watu wangu. Mimi nilikuwa na mama mmoja wa Kisafwa, muuza viazi, aliyeweza kukuambia Mfu alikuwa amevaa vifungo vingapi siku anauawa.

Na wakiona kosa hawakunyamaza.

"Bwana Sinema! Mguu umehama!"

Hapo mimi, nimesimama kando ya shuka la kuonyeshea na bomba langu la bati la kusemea mdomoni, natakiwa kujibu hapo hapo. Kiingereza sikijui. Hadithi nzima nilikuwa naisema kwa kuangalia nyuso.

"Umehama kwa sababu kaburini alilalia upande! Wewe ukilala miaka ishirini kwenye tope utaamka na mguu gani?"

Wanacheka, tunaendelea. Hivyo ndivyo nilivyozishona filamu zile zikawa kitu kimoja. Wao waliokata vitambaa huko kwao hawakuweza kushona. Mimi niliweza.

Sasa, shauri lenyewe lilianzia Iringa, filamu ya kwanza. Risasi zilimpiga Mfu kifuani naye akaendelea kuja tu. Mimi Mnyakyusa, nikataka kuwafurahisha wenye mji, nikasema kwa bati: "Huyu harudi nyuma kwa risasi. Huyu Mhehe!" Ukumbi mzima ulisimama. Wakawa wanamwita mnyalukolo, ndugu wa damu. Alipotumbukia kwenye shimo la chokaa mwishoni, wengine waliguna kama wamefiwa kweli.

Ndipo akasimama dereva mmoja wa lori, Mngoni, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mtani wangu kafa, na nyie mmekaa kwenye mabenchi kama mnangoja ugali!" alisema. "Nani anazika? Wahehe hawajui kuzika, wanajua kula tu msibani!"

"Zika wewe, Mngoni! Si kazi yako hiyo?" Wahehe wakamjibu.

"Sigusi maiti mikono mitupu. Ulanzi uko wapi?"

Asiyejua utani ataona ni wazimu. Wahehe na Wangoni walipigana zamani wakamwaga damu nyingi, kisha wakawa watani. Mhehe akifa, Mngoni huja msibani kumtukana marehemu, kulala kaburini, kunyang'anya jembe, mpaka apewe chake. Akishapewa, maziko yametimia. Hakuna wa kuyafungua tena. Mimi hayo ya kuyafungua sikuyajua. Nililoona mimi lilikuwa biashara. Nikanunua debe la ulanzi, pombe ya mianzi, papo hapo. Wangoni waliokuwemo wakatandika gunia mbele ya shuka, wakamwagia majivu, wakamtukana Mfu wa Kizungu kwa Kihehe kibovu: kwamba alichechemea kwa kukimbia shamba, kwamba koti lile aliliiba kwa shemeji. Watu walicheka mpaka mabenchi mawili yakavunjika.

Jumamosi iliyofuata nilifukuza watu mlangoni kwa kukosa nafasi. Walikuja kuona maziko kuliko filamu.

Ikaja filamu ya pili. Mbeya niliisema mwenyewe: Mfu kafufuka. Iringa nilikuwa nimeajiri msemaji, kwa sababu siwezi kuwa kote. Alikuwa mwalimu aliyeacha ualimu, anavaa tai hata siku ya mvua, na Kiingereza anakijua au anajidai kukijua. Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Yeye akawaambia watu wa Iringa kwamba huyu si yule. Huyu ni mtoto wake.

Barabara ile ina malori, na malori hubeba habari. Wiki haikuisha. Nikiwa Iringa kukusanya mapato yangu, yule dereva Mngoni akasimama mbele ya mwanga wa mashine, kivuli chake kikafunika shuka zima.

"Bwana Sinema, nakuuliza mbele ya watu. Juzi nilikuwa Mbeya na shehena ya mchele wa Usangu. Nimekusikia kwa masikio yangu unasema Mfu kafufuka. Leo huyu mwalimu wako anasema ni mtoto. Mimi nilizika nani?"

"Ni mtoto," alisema mwalimu, anarekebisha tai. "Imesemwa wazi kwenye filamu. Kwa Kiingereza."

"Mtoto gani anazaliwa na kovu la baba yake?" nikauliza.

"Heee!" ukumbi ukajibu.

Dereva akainua mkono. "Mimi sina ugomvi. Kama ni mtoto, naye nitamzika, leteni ulanzi, tumemaliza. Kama ni yule yule, basi mlinizikisha mtu ambaye hajafa. Mtani hazikishwi mtu hai. Hilo ni tusi kwangu na kwa Wangoni wote mpaka Songea."

Mwalimu akanisogelea, akaninong'oneza: "Mzee, sema ni mtoto. Neno moja tu, na yanapita."

Yangepita, ndiyo. Lakini mimi, niliyeanza kwa kusukuma lori kwenye tope la Uyole, nisahihishwe na tai mbele ya mabenchi niliyoyapiga misumari kwa mkono wangu? Na zaidi ya hapo, haikuwa kweli. Mwenye macho aliona ni yule yule. Halafu filamu nyingine ikija, huyo atakuwa nani, mjukuu?

"Mnasema mtoto," nikasema kwa bati. "Haya. Mfu huyu anaoa lini? Yuko kaburini, anatoka, anaua, anarudi. Mahari anapeleka saa ngapi?"

Walicheka, hata mzee mwenye ukumbi mabega yalimtikisika. "Ni yule yule," nikasema. "Mimi ndiye mwenye hadithi, na nasema ni yule yule."

Mzee aligeuza kiti chake polepole. "Vizuri. Kama ni yule yule, utatoa mbuzi wa kuwasafisha watani. Na sikiliza, mwanangu. Ukumbi huu niliujenga kwa ajili ya watu kukaa kwa amani. Ugomvi mwingine juu ya maiti hii, nachukua ufunguo wangu."

Mbuzi nilitoa. Mwalimu nilimfukuza siku ile ile. Lakini ufunguo, hilo liliniingia. Nilikuwa nimepewa kiwanja Mbeya, nataka kujenga sinema ya matofali ya kuchoma, yenye jina langu juu ya mlango, na matofali yale yalikuwa yanatoka Iringa, Jumamosi kwa Jumamosi. Bila ukumbi ule mimi ni mtu mwenye mashine na ghala la panya.

Na mwalimu hakuondoka mjini. Akawa anakaa sokoni anahubiri mtoto wake. Mji ukagawanyika. Wauza nyanya walikuwa wa Mtoto, wauza nyama walikuwa wa Yule Yule. Nilisikia mume na mke waliohamia vitanda viwili.

Filamu ya tatu ilipofika, niliiangalia kwanza peke yangu ghalani Mbeya. Mwishoni Mfu anaungua kwenye tanuri. Na mfanyabiashara wa Dar alikuwa ameniambia ya nne iko njiani. Nikapiga hesabu yangu. Akifa, watani watazika. Wakizika, ya nne atafufuka. Akifufuka, mbuzi tena, ugomvi tena, ufunguo unaondoka. Basi asife. Nikaamua nitazima mashine pale anapoingia msituni huku wanamfukuza. Kopo la mkanda wa mwisho nikaliacha Mbeya, chini ya kitanda changu, ili hata wakinishika shati nisiwe nalo. Pasingekuwa na kifo, pasingekuwa na maziko, na ya nne ingeanza msituni alipoachwa. Hadithi ingekuwa imenyooka kama barabara mpya. Waliotengeneza hawakuweza kuifikiria njia hiyo, na wana shule zote za dunia.

Jumamosi mchana Iringa, nikaisema mwenyewe. Mfu akaingia msituni. Nikazima. "Amewakimbia!" nikatangaza. "Mhehe hashikwi! Kwaherini, mpaka nyingine."

Hakuna aliyesimama.

"Mbona kwenye tangazo anaungua?" sauti ikauliza kutoka nyuma. Ilikuwa ya mwalimu. Alikuwa amelipa kiingilio kama watu wengine, mshenzi yule, na tangazo nililibandika mwenyewe mlangoni: Mfu, tanuri, moto mpaka angani.

Dereva Mngoni akavua kofia. Nilipoona anavua kofia nilijua nimepatikana.

"Mtani wangu kafa," alisema taratibu, "na huyu ameficha maiti."

"Sijaficha kitu!"

"Mkanda wa mwisho uko wapi?"

"Mbeya."

Ukumbi ulivuta pumzi. Mwanamke mmoja akashuka benchi, akakaa chini sakafuni, akanyoosha miguu. Wa pili akamfuata. Nilimtazama mzee kwenye kiti chake nikitegemea busara.

"Maiti ikifichwa," mzee akasema, "watu hawaondoki msibani mpaka ionekane. Na aliyeificha ndiye mwenye msiba. Anawalisha."

"Mzee wangu, hii ni filamu!"

"Nani aliyesema ni Mhehe? Nani aliyenunua ulanzi wa kwanza? Nani aliyekataa asiwe mtoto? Ulitaka awe mtu mmoja, wa kweli, mwenye kumbukumbu. Tumekukubalia. Sasa mlishe."

Na walikaa. Usiku wakaenda wengine wakaja wengine, kwa zamu, kama msiba wowote wa mtu mwenye heshima zake. Watu wa kijiji cha Kalenga waliposikia wakaja na mikeka. Walikula unga wangu, maharage yangu, dume la ng'ombe langu. Wangoni walinyang'anya viti, bati langu la kusemea, na kofia yangu, wakataka wakombolewe kimoja kimoja. Mtu wa Mtoto na mtu wa Yule Yule walikula sahani moja na kugombana na mifupa mdomoni. Kopo ilibidi lifuatwe Mbeya, na lori lililokuwa linaondoka lilikuwa la nani? La dereva yule yule. Alinidai kodi ya lori zima, kwenda na kurudi, akisema maiti haisafirishwi pamoja na viazi.

Kopo lilipofika nikaonyesha mwisho. Mfu akaungua vizuri sana, nakiri. Wakamwaga majivu, wakamtukana, wakanywa. Kisha dereva akanigeukia, na mwalimu akanyoosha shingo yake yenye tai.

"Bwana Sinema. Tumemzika. Tuambie leo, tusije tukagombana tena. Ya nne, atarudi?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema anayekuja ni mtoto, ni mjomba, ni jirani, na mwalimu angepata raha yake na mimi ningepanda gari nikalale. Mzee alikuwa ameshauchukua ufunguo wake, ameushika mkononi, ananitazama.

"Atarudi," nikasema. "Na ni yule yule."

Mwalimu alicheka peke yake. Mzee hakucheka. Alirudisha ufunguo kwenye kiganja changu, akasema mtu asiyebadilisha marehemu wake anaweza kupangishwa nyumba. Dereva naye akanyoosha mkono wake mnene: kama nilikuwa najua kuwa atarudi, basi fidia ya kufufuka ilipwe sasa hivi, kabla hajafufuka. Nililipa. Unga, maharage, dume, ulanzi, kofia, bati, lori na fidia ya mbele, pamoja na faini ya kuchelewesha mikanda kwa yule mfanyabiashara wa Dar, vilinigharimu shilingi mia nne kumi na saba na senti thelathini.