Mlango Usio na Msalaba

Hata leo nikipita penye harufu ya muhugu uliopasuliwa, roho huniuma. Baba yangu alikuwa mchongaji, na nyumba yetu ya mtaa wa Umoja ilijaa vumbi la mti huo pamoja na harufu ya polishi ya viatu aliyowapaka twiga na vifaru wake ili wang'ae. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Baba Hodan, muuza vitambaa, Msomali aliyezaliwa Nairobi hii hii. Kila asubuhi akienda kazini alisimama kwetu na kusema, "Salaam aleikum, Baba Mueni." Baba, Mkamba wa kwaya ya kanisa, aliitikia "Aleikum salaam" kwa sauti yake ya besi, kisha akarudi kwa patasi. Mueni ni mimi. Nilikuwa darasa la nne, na kwangu amani ilikuwa ndiyo hiyo, watu wawili kutakiana heri kabla chai haijapoa.

Kisha bomu likalipuka kwenye kituo cha magari, si mbali na kwetu, likaua watu. Polisi wakaanza msako wa Wasomali, nyumba kwa nyumba. Neno amani likawa kinywani mwa kila mtu, na kila mtu na lake. Redioni lilimaanisha askari zaidi. Kanisani lilimaanisha kumshika mkono uliyeketi naye benchi moja. Kwa Mama lilimaanisha kufunga mdomo: "Mueni, wachana na mambo ya watu. Tukae kwa amani." Majirani, kwa upande wao, walitaka tu milango yao isivunjwe, wakamwomba Baba awachongee misalaba midogo ya kupigilia nje, ili polisi wakija wajue hapa ni kwa Wakristo. Baba alichonga kwa moyo mweupe, jioni baada ya jioni. Wa mwisho alimpelekea Baba Hodan.

"Weka tu mpaka mambo yatulie," alimwambia.

Baba Hodan aliupapasa, akamrudishia. "Umenifikiria, ndugu yangu. Mungu akulipe. Lakini huu siwezi kuweka."

Hapo ndipo Baba alipoona alichokifanya. Korido nzima ilikuwa na misalaba isipokuwa mlango mmoja. Alitaka kuing'oa yote, majirani wakamjia juu, na Mama akiwa mstari wa mbele. "Unataka waje watuvunjie sisi?" Baba akanywea.

Polisi walikuja Jumamosi asubuhi tukinywa chai. Hawakuuliza mtu. Walipita mlango baada ya mlango, wakasimama pale pasipo na kitu. Baba Hodan alitoa kitambulisho, askari akakitia mfukoni bila kukisoma. "Sisi tunataka amani tu hapa, mzee. Twende." Hodan, rafiki yangu, alilia akiivuta kanzu ya babake. Walipomtoa koridoni, mbele ya mlango wetu uliokuwa wazi, Baba Hodan alisimama kama kawaida yake. "Salaam aleikum, Baba Mueni." Akasubiri. Askari akamtazama Baba. Baba akatazama kikombe chake. Wakamsukuma, wakaenda naye.

Hakurudi. Mkewe alizunguka vituo vya polisi mpaka viatu vikaisha soli, na kila mahali aliambiwa hayupo. Mwishowe alimchukua Hodan wakahama. "Sasa kuna amani," majirani walisema, na kweli korido ilitulia. Baba aliung'oa msalaba wetu kwa nyundo, na hakuchonga tena mwingine.

Siku hizi naishi na Baba katika mtaa wa Tena, kwenye ghorofa lenye milango ya chuma na kamera getini. Vijana husalimiana "niaje", hujibiwa "poa", yameisha. Watu huniambia mtaa una amani siku hizi, nami huwauliza, ipi? Baba amezeeka na kumbukumbu zinamtoka. Amesahau jina la Mama, na siku nyingine langu pia. Lakini kila asubuhi huvuta kiti mpaka mlangoni, hutazama mlango wa pili, wa watu tusiowajua, na kwa besi ile ile iliyochakaa huitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa: "Aleikum salaam, Baba Hodan. Aleikum salaam."