Mguu wa Tano wa Ng'ombe

Juzi nilikuwa Katesh, kwenye duka la kutoa kopi, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alikaa baba mmoja, mkulima kutoka Balangdalalu, aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha binti yake anayeanza shule ya awali. Binti mwenyewe alikuwa ameinamia benchi, anachora ng'ombe nyuma ya karatasi iliyoharibika.

Baba akachungulia. "Ng'ombe gani ana miguu mitano?" Akachukua penseli, akaigeuza upande wa raba, akaanza kufuta mguu mmoja. Binti akaficha mikono mgongoni, akatazama sakafu.

Mama mwenye duka akasimamisha mashine. "Baba, samahani. Mwachie kwanza."

"Namsaidia. Shuleni watamcheka."

"Basi muulize kabla hujafuta."

Baba alikunja uso. Mwishowe akauliza, "Haya, huu mguu ni wa nani?"

"Wa ndama," mtoto akasema kwa sauti ndogo. "Amesimama nyuma ya mama yake."

Baba aliitazama karatasi. Mguu ulikuwa umeshafutika nusu. Akamrudishia penseli, binti hakuipokea.

"Nimekosea mimi," baba akasema. "Mrudishe ndama."

Ndipo akaipokea, akachora huku mkono mwingine ukiikinga karatasi tusiione. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, mtu mzima wa kuandika gazetini, nilikuwa nimeshaihesabu ile miguu na kucheka moyoni kabla baba yake hajafungua mdomo.