Siku Wakubwa wa Dunia Walipokutana Nakuru

Nakuru ya utoto wangu ilinuka vitu viwili, mafuta ya injini na ziwa. Ziwa lile lina harufu yake, asikudanganye mtu: ni magadi, matope na kinyesi cha ndege, vyote vikichemshwa pamoja na jua la mchana. Wageni walishuka garimoshi wakiziba pua. Sisi tuliozaliwa kwenye nyumba za reli hatukuisikia kabisa, mpaka tulipopelekwa Maragoli kwa nyanya wakati wa likizo. Huko hewa haikuwa na harufu yoyote, basi tukakosa usingizi. Kutoka mlangoni kwetu uliona njia za reli zikimeta, kisha nyasi kavu, kisha ukingo wa ziwa ukiwa wote rangi ya waridi kwa wingi wa flamingo. Asubuhi nyingine ukingo huo ulianza kusogea polepole, wote kwa pamoja, nami nikisimama pale mlangoni na tongotongo machoni sikuwa na hakika kama nimekwisha kuamka. Mama ndiye aliyenikatia ndoto, akiniita nikateke maji kabla foleni ya mfereji haijawa ndefu.

Baba alikuwa mtu wa pointi. Kazi yake ilikuwa kuvuta ule mkono mzito wa chuma unaogeuza reli, ili mabehewa yaende njia hii au ile, kisha kumwonyesha dereva bendera: kijani apite, nyekundu asimame. Bendera zake alizibeba kwapani, zimeviringwa vizuri, na nyumbani zilikuwa na msumari wao ukutani ambao hakuna aliyethubutu kutundika kitu kingine. Kila Jumamosi Mama alizifua. Mama alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi, na sabuni ya duka hakuiamini. Alitumia magadi ya ziwani, yale yale aliyopikia mrenda, akisema kitu kinacholainisha mboga ngumu hakiwezi kushindwa na masizi ya reli. Baba alijivunia bendera zake. Wenzake walibeba matambara meusi, yeye zake zilitoka zikinukia jua.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Baba Akinyi, dereva wa ile injini ndogo ya kupanga mabehewa. Jiko letu lilikuwa moja. Mama na Mama Akinyi walipika bega kwa bega, wakionjana michuzi na kusimangana kwa chumvi, na mimi na Akinyi tulikula popote palipoiva kwanza. Mimi nilikuwa Mideva wa kwao, yeye Akinyi wa kwetu. Sijui nieleze vipi jinsi tulivyokuwa. Nilikuwa nikiota jambo usiku, asubuhi namsimulia, naye ananikatiza na kunimalizia mwisho wake, na kweli nikikumbuka naona ulikuwa hivyo hivyo.

Basi jioni moja Baba Akinyi alikuwa akirudisha nyuma mabehewa ya mahindi, na njia haikuwa wazi. Baba akainua bendera nyekundu. Injini haikusimama. Baba aliruka pembeni nusura asagwe, mabehewa yakagongana, moja likaanguka ubavu na mahindi yakamwagika hata ndege wakaja kusherehekea. Hakufa mtu, lakini ofisini kulikuwa na moto. Mzungu mkubwa wa stesheni aliwaita wote wawili. Baba alisema, "Niliinua bendera." Baba Akinyi akasema, "Hukuinua." "Niliinua!" "Muongo wewe!" Kila mmoja alipewa onyo lake, wakatoka kwa milango tofauti. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mama na Mama Akinyi nao wakaanza kupika wakipeana mgongo, na mtu akikohoa kwa moshi hakuna wa kumpa pole. Kisha tukasikia kwamba Baba Akinyi ameomba uhamisho wa kwenda Kisumu. Akinyi aliniambia habari hiyo nyuma ya choo, mahali pekee tulipoweza kukutana.

Wakati huo ndipo Mwalimu Zakaria alipotunga mchezo wake. Mwalimu alikuwa mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi ikakata, na alipenda redio ya ukumbi wa wafanyakazi kuliko alivyopenda chakula. Huko alisikia kwamba wakubwa wa dunia wamekutana nchi fulani ya baridi, kando ya ziwa, wakakaa mezani kuzungumza ili mataifa yasiangamizane. Yalimwingia moyoni. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Kulikuwa na kafyu na vipande vya kujitambulisha, na baadhi ya watoto tuliosoma nao walipakiwa kwenye malori pamoja na wazazi wao, madawati yao yakabaki matupu, nasi hatukuambiwa tusiulize lakini tulijua. Mwalimu hakusema lolote juu ya hayo. Alitunga tu mchezo wa Nchi ya Juu na Nchi ya Chini, zinazopigania mto, na wakubwa wa dunia wanaokuja kuzipatanisha. Mkuu wa Nchi ya Chini nilikuwa mimi. Mkuu wa Nchi ya Juu alikuwa Akinyi. Hadi leo siamini kwamba Mwalimu alitupanga hivyo bila kukusudia.

Nilishika mchezo ule kama dawa. Akilini mwangu haukuwa mchezo. Niliona waziwazi kwamba tukipatana jukwaani, Akinyi nami, baba zetu watatuona, watapatana, na Kisumu itafutwa. Usiku niliota meza ndefu iliyotandikwa shuka jeupe, Baba ameketi upande huu na Baba Akinyi upande ule, flamingo wakipita katikati wakibeba vikombe vya chai. Nilimsimulia Akinyi. Akaniambia, "Na mwisho chai ikamwagika, wote wakacheka." Kweli, ilimwagika.

Mwalimu alikuwa ameandika kwamba vita vinapopamba moto, Mkuu wa Nchi ya Chini ainue bendera nyeupe, na jeshi la Nchi ya Juu lisimame. Watoto wa reli tulitazamana. Nyeupe? Barasa, yule mvulana mkubwa aliyekuwa Mkuu wa Dunia Nzima, akamwambia kwa heshima, "Mwalimu, hapa ukiinua nyeupe hakuna atakayesimama. Mtu husimama kwa nyekundu." Mwalimu alifikiri, akacheka, akafuta. Basi bendera yetu ya amani ikawa nyekundu, na ya kijani ingefuata mwishoni, njia ikiwa wazi. Katika mazoezi nilitumia kitambaa cha kichwa cha mke wa Mwalimu, chekundu kweli kweli. Lakini siku yenyewe nilitaka bendera halisi, nikamwomba Baba. Aliitoa msumarini mwenyewe. "Ishike kwa mkono ulionyooka," alisema. "Bendera ya kulegea si bendera."

Mchezo ulichezwa Jumamosi alasiri, mapema, ili watu warudi makwao kabla ya kafyu. Ukumbi ulijaa watu wa reli na wake zao waliovaa vizuri. Nyuma ya jukwaa Mwalimu alikuwa ametundika magunia yaliyoshonwa pamoja na kuchorwa ziwa, kwa kuwa wakubwa wa dunia walikutana kando ya ziwa, na ziwa tulilolijua sisi lilikuwa moja tu. Basi wachoraji walijaza flamingo. Walichanganya chokaa na udongo mwekundu, wakapaka na kupaka mpaka pazia zima likawa waridi. Baba na Mama walikaa mbele. Baba Akinyi alikuja mwisho, akaketi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, mikono kifuani, mtu aliyekwisha kuhama moyoni.

Tulianza vizuri. Wakubwa wa dunia waliingia wakiwa wamevaa kofia za karatasi, wakaketi mezani, wakazungumza maneno marefu ambayo hata wao hawakuyaelewa. Kisha ngoma ikapigwa, na jeshi la Nchi ya Juu likaingia kwa mlango wa nyuma, Akinyi mbele, likakimbia kati ya mabenchi kuja jukwaani. Nikasimama mbele ya ziwa letu la magunia. Nikainua bendera ya Baba, mkono umenyooka. Wakaendelea kuja. Nikainyoosha zaidi, nikasimama kwa vidole. Wakaendelea kuja! Walipanda jukwaani kwa kishindo, meza ya wakubwa ikapinduka, Barasa akaenda chini na dunia yake nzima.

Watu walicheka hadi machozi. Mimi nililia kwa hasira. "Mbona hukusimama?" nilimfokea Akinyi. "Niliinua bendera!"

"Hukuinua," akasema.

"Niliinua!"

"Muongo wewe!"

Kicheko kikakatika. Watu wote wa reli waliyajua maneno yale na walijua yalisemwa na nani. Akinyi aliweka mkono mdomoni. Niliona kila kitu kimeharibika, tena kimeharibiwa na sisi wenyewe, nikatamani sakafu inimeze. Mkono wangu bado ulikuwa juu.

Baba akainuka. Nilidhani anakuja kunichapa. Alinitazama, akatazama bendera, akatazama lile ziwa la magunia nyuma yangu. "Usiishushe," akasema. Kisha akanipa mgongo, akatembea katikati ya mabenchi mpaka nyuma, karibu na mlango, pale alipoketi Baba Akinyi. Akageuka. Alikunja uso, akavua kofia, akajikinga macho kwa mkono. Nilisikia injini ikipumua kule stesheni.

"Baba Akinyi," akasema, bado akinitazama mimi.

"Naam." Hilo lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu siku ya mahindi.

"Jioni ile, mimi nilisimama wapi?"

"Upande wa ziwani."

"Na nyuma yangu palikuwa na nini?"

Baba Akinyi naye alikuwa amenyanyuka, akitazama jukwaani. "Flamingo," akasema.

"Basi mimi hapa sioni bendera," Baba akasema. "Naona mwanangu ameshika kijiti."

Hapo ndipo Mama alipopiga kelele. "Uuwi! Si ni mimi! Si nimekuwa nikiifua kwa magadi!" Akajifunika uso kwa leso. Nikaitazama bendera mkononi mwangu, na nawaambieni, niliishi na kitambaa kile ukutani miaka yote na sikuwahi kuona kwamba si chekundu tena. Kilikuwa kimechujuka kidogo kidogo, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka kikawa rangi ya ndege wale wale. Watu wakalipuka kucheka upya. Baba Akinyi hakucheka. Alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili. "Nilikuita muongo," alisema. "Mbele ya yule Mzungu. Nisamehe, ndugu yangu." Baba akasema, "Nami nilisema unataka kuniua. Yaishe." Mama Akinyi alikuwa amekwisha kufika kwa Mama, akimvuta ile leso usoni na kumwambia kwamba hata mrenda wake huwa na magadi mengi mno, alikuwa akinyamaza tu kwa heshima. Barasa, kofia ikiwa imepasuka, aling'ang'ania kusoma hotuba yake ya amani mpaka mwisho. Hakuna aliyemsikiliza.

Ningependa kuwaambia kwamba Kisumu ilifutwa. Jumatatu Baba Akinyi alikwenda ofisini kuomba abaki, Baba akamsindikiza, wakasimama pamoja mbele ya Mzungu yule yule. Wakaambiwa nafasi imekwisha kupewa dereva mwingine. Tulibaki na siku chache, nazo zilikuwa tamu mno, jiko limejaa vicheko na sufuria moja kubwa. Asubuhi ya safari, Baba alikuwa na bendera mpya. Ile ya zamani alimpa Akinyi. "Mpungie Mideva nayo dirishani," alimwambia. Kisha akaenda kwenye mkono wake wa chuma, akamgeuzia rafiki yake reli ya kwenda Njoro, akainua kijani.

Nilisimama upande wetu wa reli, nikatazama. Garimoshi lilizunguka taratibu, ziwa likiwa nyuma yake, na ukingo wote ulikuwa waridi, ukisogea, kama asubuhi zangu za usingizi. Nilitafuta dirisha. Nilitafuta mkono. Sikuona kitu. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, nikiamini kwamba amekwisha kunisahau kabla hata hajafika Njoro, nikalala mchana kutwa bila kuota.

Sasa naishi mtaa wa Free Area, hapa hapa Nakuru, bibi wa wajukuu, na Akinyi yuko Kisumu, bibi vilevile. Simu ndiyo iliyoturudisha, baada ya maisha mazima. Televisheni inapoonyesha wakubwa wa dunia wameketi tena, meza zinang'aa kuliko ile ya Mwalimu Zakaria, nyuma yao bendera zimepangwa kwa rangi zote, yeye hunipigia. "Umewaona?" huniuliza. Namwambia nimewaona. "Kuna aliyeinuka kwenda kusimama kule nyuma?" Namwambia bado, wote wamekaa. Tunacheka kidogo, kisha hatucheki.

Juzi ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza, baada ya miaka yote hiyo, kama asubuhi ile alinipungia.

"Mideva, wewe!" alisema. "Niliipunga bendera ile mpaka Njoro. Mkono uliniuma siku mbili."

Nilisogea dirishani na simu sikioni. Ziwa limepanda miaka hii, limemeza miti na barabara, na wale ndege wamehamia maziwa mengine. Wamebaki wachache wa kuhesabika, na ukingo ni maji ya kijivu tu. Nilimwambia hivyo. Nikasikia redio ikilia nyumbani kwake.

"Basi leo ungeniona," Akinyi akasema.