Sabina na magoti yake mbele ya mkaguzi

Jamani, leo mwanangu Sabina nusura aitwe mjinga mbele ya kijiji kizima!

Mkaguzi wa shule, mgeni kutoka mkoa mwingine, alitukuta akina mama tunapalilia shamba la ujamaa. Akaita darasa la saba, waliokuwa wakipalilia nasi, hapohapo.

Akamuuliza Sabina: kwa Kiingereza, baada ya "listen" tunaweka neno gani? Na "wait"? Na "depend"?

Sabina kasimama tu wima. Macho chini.

Mkaguzi akasema, "Huyu hajui. Sekondari ataenda kufanya nini?"

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mtoto wangu namjua! Hayo maneno huyaimba hata akitwanga mahindi.

Nikasema, "Ndugu mkaguzi, samahani. Kwetu binti hamjibu mkubwa akiwa wima. Mruhusu apige magoti."

Akapiga magoti, akajibu. "To. For. On." Hakukwama hata kidogo!

Wenzangu vigelegele.

Mkaguzi hakucheka. "Mama, huko sekondari nani atamruhusu? Sabina, simama, rudia."

Sabina akanitazama mimi.

Kupiga magoti nilimfundisha mwenyewe, tangu anajifunza kutembea.

Nikamwambia, "Simama, mwanangu."

Akasimama, akarudia yote, machozi yanamtoka.

Ninyi mngemwambiaje?