Nilivyowasaka Walioficha Maoni ya Nyibol

Ninasimamia jukwaa la mtandaoni la vijana wa Lodwar na Kakuma, na ninaamini kwa dhati kwamba kumnyamazisha mtu ni dhambi. Kwetu, maoni yakikataliwa na akaunti tatu hufichwa.

Nyibol, mkimbizi mwenye duka Kakuma, aliandika kwamba mafunzo yetu yasifanyike Lodwar kila mara, kwa kuwa wao wakimbizi hawatoki kambini bila kibali. Maoni hayo yakafichwa.

Tulipokutana Kakuma kupigia kura mahali pa mafunzo, alilalamika. Nilisimama nikawakemea waoga waliomziba mdomo, kwa hotuba iliyoninogea mwenyewe. Kisha nikaunganisha simu yangu na projekta ili niyafufue maoni yake. Sikujua kwamba msimamizi akiyafungua, majina ya waliokataa hutokea pia.

Yakajaa ukutani: jina langu, akaunti ya jukwaa, na nyingine niliyoifungua kwa moyo safi, Sauti ya Wanyonge. Zote nilizitumia mimi, kulinda umoja wetu.

"Ejok, Sauti ya Wanyonge," Nyibol alinisalimu kwa Kiturkana. "Leo tunapiga kura kwa mikono, kaka. Wewe inua mmoja tu."