Ng'ombe wa Kwenye Kitabu

Mdogo wangu ameandika kitabu kuhusu mama yetu. Hakusema ni mama yetu, ukurasa wa mbele umeandikwa hadithi ya kubuni, lakini lile kovu la kidole gumba ni la mama, na ile migomba naijua mgomba kwa mgomba. Nilikisoma dukani kwangu Kariakoo, kati ya mteja na mteja, nimekaa juu ya robota la mabeseni. Nauza vyombo vya plastiki kwa jumla. Mtu anayeishi kwa kuuza ndoo kwa dazeni huhesabu kila kitu mara mbili, maana sijawahi kuona washusha mizigo wakikosea kwa kuzidisha. Basi na kitabu nikakihesabu. Mama wa kwenye kitabu anatabasamu mara kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja. Hajakaa chini hata mara moja.

Anaamka kabla ya jogoo, anaimba. Anateka maji kijitoni kwa mtungi, anaimba. Jioni anamkamua ng'ombe wake huku jua likiupaka mlima dhahabu. Watoto wake wa mjini wanambembeleza amuuze yule ng'ombe apumzike, naye anakataa, anasema ng'ombe ndiye roho ya nyumba. Watu wamelia hapo. Dada mmoja wa benki alikuja kununua vyombo vya kitchen party, akakiona kitabu mezani, akaniambia alilia mpaka wanja ukamtoka. Nikamuuliza kama amewahi kubeba majani ya ng'ombe. Akasema yeye ni mtoto wa Magomeni. Nikampunguzia bei, si kosa lake.

Kosa ni la wanaojua na wanaandika hivyo hivyo. Kwetu Kilimanjaro ng'ombe hachungwi. Anakaa bandani, katikati ya migomba, kama mgonjwa wa kulazwa, anasubiri aletewe. Majani yako chini, tambarare. Mwanamke anashuka na mundu na kamba, anakata, anafunga mzigo mkubwa kuliko yeye, anajitwisha, anapanda mlima. Kesho tena. Ule mlima unapendeza kwenye karatasi kwa sababu karatasi haina mteremko. Mdogo wangu alizaliwa hapo, ameyanywa maziwa hayo, na katika kitabu kizima hakuna mzigo hata mmoja wa majani. Ng'ombe wake anakula nini? Mandhari?

Mwaka huu, wakati wa mvua, mama aliteleza na mzigo kichwani. Akabaki kwenye tope hadi jirani aliposikia ng'ombe akilia njaa, akajiuliza mwenye ng'ombe yuko wapi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya roho ya nyumba ninayoikiri. Tukamleta Dar kutibiwa nyonga iliyovunjika. Daktari akasema atatembea kwa fimbo, ila kubeba mzigo asahau kabisa. Akawa anaishi kwangu Buguruni. Chumbani peke yake hataki, kwa hiyo mchana anakuja nami dukani, anakaa kwenye kiti kati ya madumu, anaoanisha ndoo na vifuniko vyake na kuitikia shikamoo za nusu ya mtaa.

Ng'ombe alibaki kwa jirani, ambaye alikuwa anamtaka kabisa, na mimi na yeye tulishaanza kuvutana bei kwa simu. Ndipo Jumamosi moja mdogo wangu akaingia, shati limenyooka, akamwamkia mama, akasema ana habari njema. Kuna watu wa televisheni wamekipenda kitabu. Desemba, sisi wote tukipanda nyumbani kwa Krismasi kama kawaida, nao watakuja, wapige picha nyumba, banda, na mama akikamua. Ingefaa mama atangulie Novemba ili wakute mambo yako sawa.

Nilimuuliza sawa ya nani. Akasema nisianze.

"Dada, nakuomba. Usimuuze kabla ya Januari."

"Nani atamkatia majani?"

Akasema atatuma hela, atafutwe kijana. Nikamkumbusha kwamba kijana huyo tumekuwa tukimtafuta tangu baba afariki, na kila mwaka anapatikana kwenye mazungumzo tu. Akaniambia Kariakoo imeniharibu, kila kitu naona bei. Kwamba kuna vitu havipimwi hivyo. Kwamba yule ng'ombe ndiye anayemweka mama hai.

"Anampenda, dada. Ukimwondolea utamuua."

"Mama yupi?" nikamuuliza. "Wa kitabuni au huyu aliyevunjika?"

Nilikuwa nimepandisha sauti. Mbeba mizigo aliyekuwa akipita mlangoni na maboksi kichwani akasimama kusikiliza, shida yake yote juu ya shingo. Mama akaweka kifuniko chini. Akamwambia mdogo wangu amsomee hapo kwenye ng'ombe.

Akasoma. Anasoma vizuri, siwezi kumnyima hilo. Jua likashuka, maziwa yakatoa povu, watoto wakabembeleza, mama akakataa. Alipomaliza, hata mimi ilinibidi nijikumbushe kwamba nina hasira.

"Mliniomba lini?" mama akauliza.

"Nini, mama?"

"Nimuuze. Hapo umesema watoto waliniomba. Ilikuwa lini?"

Mdogo wangu akaanza kueleza kwamba hadithi huwa inaongezwa hapa na pale. Mama akamwacha amalize.

"Kila Desemba mkishuka kwenye gari mnauliza maziwa yako wapi. Wote, na huyu dada yako. Wajukuu wanapiga picha na ndama. Nikasema moyoni, nikimuuza watakuja kufanya nini?" Akachukua kifuniko kingine, akakitazama, hakikuwa chenyewe, akakirudisha. "Mimi simpendi yule ng'ombe. Ana mateke. Nilimfuga kwa ajili yenu."

Mbeba mizigo aliondoka zake.

"Muuzeni," mama akasema. "Na hao wa televisheni waambie mwenye ng'ombe yuko Kariakoo."

"Mama, basi hata Desemba tu ipite..."

"Desemba utakuja au huji?"

Akasema atakuja. Akasema kwa sauti ya mtoto aliyeulizwa kama amenawa.

Nikapiga simu pale pale, kabla mtu hajapata wazo. Jirani akaanza na bei ya kunikosea heshima, kwa sababu alisikia pumzi yangu, na mfanyabiashara yeyote anajua hupigi simu ya kuuza ukiwa unahema. Ilikuwa ndogo. Nilijua ni ndogo, na yeye alijua. Siku nyingine ningemzungusha mpaka jioni. Nikakubali kwa sharti moja, amtoe bandani leo, kabla giza halijaingia, na ile kamba ya kufungia majani aondoke nayo vile vile.

"Na mundu," mama akasema, macho kwenye vifuniko. "Usiusahau mundu."