Wiki Tatu za Miguu Iliyoshonwa Pamoja

Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha watu kuendesha gari, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kugongwa na mwanafunzi hata mmoja. Aliyenigonga ni mimi mwenyewe.

Wanafunzi waliniita Mzee Kanuni, nami jina hilo lilinikaa vizuri sana. Nilikuwa na sauti ya darasani hata nikiwa mezani nyumbani. Mke wangu alikataa kata kata kujifunza kwangu; alisema anataka kubaki na ndoa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Uwanja wa chuo chetu cha udereva una mteremko mdogo, na nililisimamisha gari likiwa limeelekeza pua juu. Nikazima injini, nikashuka, nikaenda nyuma kufungua buti ili nitoe zile koni za plastiki za kufanyia mazoezi. Gari likaanza kurudi nyuma polepole, kwa adabu kabisa. Mtu mwenye akili angekaa pembeni. Mimi nililiwekea mikono miwili, kama anayemsihi mgeni asiondoke kabla ya chakula. Lilinisukuma nikaanguka ubavu, gurudumu la nyuma likaudaka mguu wangu wa kulia juu kidogo ya kifundo, likausaga kwenye ukingo wa zege. Likapita na ngozi yangu, likaenda kusimama lenyewe uzioni.

Nilipoutazama mguu niliona kitu cheupe. Nikadhani ni soksi. Nilikuwa nimevaa soksi nyeusi.

Benchini alikuwepo mama mmoja mwenye duka, aliyekuwa akisubiri somo lake la kwanza kabisa. Yeye ndiye aliyeufunga mguu kwa mtandio wake na kuita watu, huku mimi nikimwagiza namna ya kufunga. Niliambiwa baadaye kwamba hakurudi tena chuoni. Simlaumu.

Hospitali walipiga picha wakasema mfupa haukuvunjika, ila umebaki wazi, hauna kitu juu yake. Waliniingiza chumba cha upasuaji mara mbili kuosha jeraha na kukata nyama iliyokufa. Baada ya mara ya kwanza, muuguzi wa wodi alikuja kujaza fomu. Alikuwa amevaa barakoa. Aliponiuliza ajali ilitokeaje, nilimwambia, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba breki zilifeli.

Hakuandika. "Breki ipi, Mwalimu?"

Neno Mwalimu lilinishtua. Akashusha barakoa, nikamtambua. Nilimfelisha mara tatu huyo. Mara ya tatu ilikuwa kwa sababu aliacha gari mteremkoni bila kuvuta breki ya mkono, na nilimpa somo la nusu saa mbele ya wenzake, nikamalizia kwamba mtu wa namna yake asikabidhiwe hata toroli.

"Ya mkono," nikasema.

"Ilifeli, au haikuvutwa?"

Nikatazama dari. Ilikuwa na madoa mawili ya maji.

"Haikuvutwa."

Akaliandika hilo kwa mwandiko mzuri, kisha akauliza kama kuna dawa zinazonidhuru. Hakucheka. Laiti angecheka.

Daktari wa upasuaji wa kurekebisha alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa maneno, na alikuwa na tabia ya kuchora nyuma ya karatasi yoyote iliyo karibu. Alinieleza kwamba ngozi nyembamba ikibandikwa juu ya mfupa mtupu haishiki, kwa kuwa haina cha kuilisha. Panahitajika nyama inayokuja na damu yake. Nyama ya jirani ilikuwa imepondwa na mishipa ya mguu ule haikuaminika. Kwa hiyo angeazima kwa mguu wa kushoto. Angeinua kipande kwenye shavu la mguu huo, akiache kimeshikamana upande mmoja, kisha akishone juu ya jeraha la kulia. Miguu ingekaa imeungana hivyo wiki tatu, mpaka kipande kizoee kunywa damu ya mguu mpya. Ndipo angekata.

Niliuliza kama wiki mbili zisingetosha. Akasema zingetosha, kama nataka kipande kife.

Nilizinduka mguu wa kushoto ukiwa umelazwa juu ya wa kulia, yote miwili imefungwa plasta na fimbo ya chuma katikati ili isisogee. Pajani palikuwa pakiwaka moto, maana walichuna ngozi nyembamba hapo ya kufunika palipoazimwa. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kwamba mguu wa kushoto ni wa klachi, wa kulia ni wa breki na mafuta, na isiingiliane. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori, aliposikia kazi yangu aligeuzia uso ukutani, mabega yakimtetemeka.

Mke wangu alikuja kila siku mchana. Siku ya nne nilikuwa namwelekeza namna ya kupanga mito: huu chini ya goti, ule upande, hapana, ugeuze. Akaiweka yote chini, akakaa kitini.

"Baba watoto," akasema, "umelala, umefungwa, na bado unaendesha."

Akaipanga anavyojua, na nikalala vizuri kuliko siku zote tatu zilizotangulia. Sikumwambia hilo mpaka mwezi uliofuata.

Yule muuguzi alikuwa akipita kila baada ya saa chache, anakibonyeza kipande kwa kidole na kutazama kama rangi inarudi. Nilijifunza kuusoma uso wake vizuri kuliko alivyowahi kuusoma wangu kwenye mtihani. Siku ya sita alibonyeza mara mbili. Ukingo mmoja ulikuwa umeingia rangi ya zambarau. Akatoka kwa haraka isiyo ya kukimbia, akarudi na daktari. Daktari alikata nyuzi mbili zilizokaza, akasubiri. Nami nikasubiri, bila kanuni hata moja kichwani. Rangi iliporudi nilitaka kushukuru kama mtu mzima, sauti ikanikatikia katikati, nikasingizia kikohozi. Muuguzi akanipa maji kana kwamba kikohozi kilikuwa cha kweli. Hapo ndipo nilipomwomba radhi kwa habari ya toroli. Akasema alishasahau, halafu akakitaja hata kile kishati nilichovaa siku ile.

Wiki tatu zilipotimia, daktari alilibana kwa mpira lile daraja la nyama kuona kama kipande kitaishi bila damu ya mguu wa kushoto, akatazama saa na rangi, akaridhika. Kesho yake akakata. Nilipofumbua macho na kuona nyayo mbili zimeachana, nililia waziwazi, na dereva wa lori, Mungu ambariki, hakugeukia ukuta.

Kutembea kulichukua miezi. Muundi wangu wa kulia sasa una shavu. Binti yangu anasema ni kama nimeficha mkate kwenye soksi. Ukinigusa hapo nasikia kwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

Mwaka huu, nilipokwenda kliniki kuangaliwa, daktari aliniomba nizungumze na mwanamke mmoja, mfanyakazi wa kiwandani ambaye mguu wake ulinaswa na mkanda wa mashine. Alikuwa anasubiri upasuaji kama wangu na alikuwa na hofu. Nilifurahi mno. Nikaandaa maelezo ya sehemu tatu, nikayaanza nikiwa nimesimama. Nilipomaliza sehemu ya kwanza alinikatiza, akaongea chini chini.

"Ulikuwa unajisaidia haja vipi?"

Hilo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Nikavuta kiti. Nikamwambia kuhusu beseni, na kuhusu shemeji yangu seremala, kaka wa mke wangu, aliyekuja kila asubuhi kabla ya kazi kuninyanyua kiuno. Siku mbili za kwanza nilifumba macho, naye akanisimulia habari za mpira kana kwamba tuko barazani. Siku ya tatu aibu ilichoka yenyewe, nikaanza kumbishia kuhusu golikipa.

Mwanamke aliwaza kidogo. Akauliza kama wifi yake angekubali kazi ya namna hiyo.

"Mwombe leo," nikasema.

Akachukua simu, nami nikatoka nje ili azungumze.